Kubadilisha gia bila klachi kwenye pikipiki za porini na kwadi: mwongozo kwa anayeanza

Kila anayeanza kuendesha nje ya lami hufika siku moja akauliza maswali yale yale. Je, giaboksi haitaharibika? Nikanyage pedali kwanza au nipunguze mafuta kwanza? Kwa nini gia ya tatu inaingia bila shida, lakini ya pili inagoma? Nimeyajibu maswali hayo mara nyingi kwa mdomo, pembeni mwa pikipiki zilizozimwa, na nimeona kwamba jibu lililoandikwa kwa mpangilio linamsaidia mtu zaidi kuliko maelezo ya haraka.

Nianze na swali la kwanza, kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu. Kubadilisha gia bila klachi, kukifanywa inavyopaswa, hakuiharibu giaboksi ya pikipiki. Kinachoiharibu ni nguvu ya mguu inayotumika wakati ambao gia bado zimebanwa na mzigo. Mwongozo huu wote unahusu namna ya kuutambua wakati ambao mzigo huo haupo, na kumwachia mguu kazi ndogo tu.

Faida zake ni za kweli. Ukiwa umesimama juu ya vikanyagio kwenye njia yenye mawe, vidole vyote vya mkono wa kushoto vinabaki vimeshika usukani. Katika safari ndefu mkono hauchoki mapema, na gurudumu la nyuma linakosa nguvu kwa muda mfupi zaidi kila unapopandisha gia. Tena, waya wa klachi ukikatika mbali na msaada, mwenye ujuzi huu ana nafasi ya kurudi akiwa juu ya chombo chake badala ya kukisukuma.

Kwanza, tambua chombo chako ni cha aina gani

Mwongozo huu ni wa pikipiki na kwadi (vyombo vya porini vya magurudumu manne) zenye mkono wa klachi upande wa kushoto na pedali ya gia inayoendeshwa kwa mguu. Vyombo vingine havihusiki, na kuvitendea kama vinahusika ni kuviharibu.

Pikipiki ndogo za watoto na kwadi nyingi za kazi zina klachi inayojiendesha yenyewe. Hazina mkono wa klachi, na pedali ya gia ndiyo inayoitenganisha klachi unapoikanyaga. Hapo kanuni ni tofauti: funga mafuta kabisa, kanyaga pedali mpaka mwisho, kisha iachie, na uiachie taratibu zaidi unaposhusha gia. Usiongeze mafuta ukiwa bado umeishikilia pedali, kwa sababu ukiiachia injini ikiwa juu chombo kitaruka mbele.

Kwadi zinazotumia mkanda badala ya gia hazina pedali ya gia kabisa. Zina wenzo wa kuchagua mwendo wa juu, mwendo wa chini na kurudi nyuma, na wenzo huo husogezwa kwadi ikiwa imesimama kabisa. Kwadi ya michezo yenye gia ya kurudi nyuma nayo hufuata kanuni hiyo: gia ya nyuma huwekwa chombo kikiwa kimesimama na klachi ikiwa imebanwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Klachi iliyorekebishwa vizuri. Huwezi kujifunza kuiacha klachi kabla hujaijua, nayo bado itahitajika kila unapoondoka na kila unaposimama. Kwa klachi ya waya, mkono unapaswa kuwa na mchezo mdogo kabla haujaanza kuvuta, ambao kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha. Kitabu cha chombo chako ndicho kinachoamua.
- Oili sahihi na ya kutosha. Klachi za pikipiki hizi kwa kawaida huoga katika oili, kwa hiyo tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze.
- Mnyororo uliokazwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Mnyororo uliolegea kupita kiasi hupiga kila unapofunga na kufungua mafuta, na mwanafunzi huudhania mpigo huo kuwa kosa lake. Hata hivyo usiukaze kama wa pikipiki ya barabarani, kwa maana springi ndefu za nyuma zinapojikunja huuvuta mnyororo zaidi.
- Pedali ya gia iliyowekwa kwa kimo cha buti lako. Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Buti la porini ni gumu na nene. Pedali ikiwa chini sana, ncha ya buti haiingii chini yake, na utajikuta unainua mguu mzima badala ya kukunja kifundo.
- Kofia ngumu, kinga ya macho, glovu, buti na kinga za magoti.
- Uwanja mpana na ulionyooka, wenye udongo mgumu kiasi na usio na watu. Mchanga mzito na mteremko vije baadaye.

Unapaswa pia kuwa tayari unabadilisha gia kwa klachi bila kuitazama pedali. Kama bado unainamisha kichwa kuiangalia, maliza kwanza somo hilo.

Nadharia kidogo inayotosha

Ndani ya giaboksi ya pikipiki, gia zote zimeshikana meno muda wote na zinazunguka pamoja. Kubadilisha gia ni kusogeza gia moja pembeni kwenye shafti yake, ili vijino vinene vilivyo ubavuni mwake viingie katika matundu au vijino vya gia ya jirani. Injini inapovuta, vijino hivyo hugandamizana upande mmoja. Unapofunga mafuta na chombo kikaanza kuisukuma injini, hugandamizana upande wa pili. Kati ya hali hizo mbili kuna nukta fupi ambayo hakuna anayemsukuma mwenzake, na katika nukta hiyo gia huteleza kwa kuguswa tu.

Klachi huitengeneza nukta hiyo kwa kuitenga injini. Wewe utaitengeneza kwa mkono wa mafuta.

Ukitaka kulihisi jambo hili kabla ya kuendesha, simamisha pikipiki juu ya stendi inayoinua gurudumu la nyuma, zima injini, toa ufunguo kama upo, weka gia ya kwanza, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono huku ukiinua pedali kidogo kwa mkono mwingine. Utaona pedali ikigoma, halafu ghafla ikikubali. Shika tairi lenyewe, na uweke vidole mbali na mnyororo na sproketi. Usilifanye zoezi hili injini ikiwa inanguruma, hata kwa sekunde moja, kwa sababu mnyororo unaozunguka hukata kidole.

Hatua za kupandisha gia

Anza na badiliko la gia ya pili kwenda ya tatu. Ninakataza kuanza na la kwanza kwenda pili, kwa sababu nyutro, yaani mahali ambapo hakuna gia iliyoingia, imekaa katikati yake na mguu lazima uivuke. Ugumu wake si kipimo cha uwezo wako.

1. Ondoka kwa klachi kama kawaida, panda mpaka gia ya pili kwa klachi, kisha uachie mkono wa klachi kabisa. Vidole vikae juu ya usukani, isipokuwa kimoja unachoweza kukiacha juu ya mkono wa klachi kama tahadhari.

2. Ongeza mwendo taratibu mpaka injini ifike katikati ya uwezo wake, mahali inapovuta vizuri bila kupiga kelele. Injini ikiwa chini mno gia itaingia kwa mshtuko, na ikiwa juu mno tofauti ya mizunguko kati ya gia mbili itakuwa kubwa.

3. Injini ikiwa bado inavuta, weka ncha ya buti chini ya pedali na uiinue kidogo mpaka uhisi imegusa kizuizi. Ishikilie hapo kwa nguvu ndogo, kama mtu aliyeegemeza bega mlangoni akisubiri ufunguliwe kutoka ndani. Gia haitaingia bado, wala haipaswi kuingia.

4. Rudisha mkono wa mafuta kwa haraka na kwa kiasi kidogo, bila kuufunga wote. Nguvu inapopungua, utahisi pedali ikipanda yenyewe chini ya shinikizo lililokuwa likiisubiri.

5. Pedali ikishamaliza mwendo wake wote, fungua mafuta tena kwa ulaini. Kati ya hatua ya nne na hii haipiti hata nusu sekunde. Ukizoea, masikio yatasikia mkato mmoja mfupi tu.

6. Ondoa mguu kwenye pedali kabisa. Pedali isiyorudi katikati haiwezi kuchukua gia inayofuata, na mguu unaoendelea kuiegemea huzichosha uma za kusogeza gia zilizo ndani.

7. Rudia kutoka tatu kwenda nne, kisha rudi mpaka pili kwa klachi na uanze upya. Fanya hivyo mara ishirini au thelathini kabla hujagusa somo la kushusha.

Mpangilio wa hatua ya tatu na ya nne ndio moyo wa jambo zima. Wengi hufunga mafuta kwanza, kisha ndipo wanaukumbuka mguu. Mguu unapofika, nukta ile imekwisha kupita, injini tayari inaizuia pikipiki, na vijino vimebanana tena upande wa pili. Hapo ndipo mtu anapopiga teke. Mguu unaotangulia hauhitaji kukisia wakati, kwa kuwa unasubiri papo hapo wakati unapopatikana.

Utakapozoea, jaribu kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Kila kitu ni kile kile, ila pedali iinuliwe kwa mwendo mrefu na thabiti mpaka mwisho, ili isiishie kwenye nyutro. Mimi hadi leo hutumia klachi katika badiliko hili ninapokuwa na mwendo mdogo, na simlaumu yeyote anayefanya vivyo hivyo siku zote.

Hatua za kushusha gia

Kushusha bila klachi kunawezekana, lakini kunadai uangalifu zaidi, kwa sababu gia ya chini huilazimisha injini kuzunguka kwa kasi zaidi papo hapo, na gurudumu la nyuma ndilo linaloubeba mshtuko huo.

1. Punguza mwendo kwanza kwa breki mpaka kasi ifae gia unayoikusudia. Usiitumie gia kama breki.

2. Mafuta yakiwa yamefungwa na injini ikiizuia pikipiki, kanyaga pedali kidogo mpaka kizuizi, uishikilie.

3. Piga resi moja fupi na ndogo, yaani fungua na kufunga mafuta kwa kugusa tu. Kwa kufanya hivyo unaiondoa ile nguvu ya kuzuia, na wakati huo huo unaiinua injini kuelekea mizunguko ambayo gia ya chini itaihitaji. Pedali itashuka.

4. Inua mguu, usikie gurudumu la nyuma, na ndipo ushushe gia nyingine ukihitaji. Shusha moja moja.

Injini za stroki nne huzuia kwa nguvu unapofunga mafuta, hasa zile kubwa, kwa hiyo resi ya hatua ya tatu haikwepeki. Injini za stroki mbili huzuia kidogo, na nyingi zitakubali kushuka kwa resi hafifu sana. Kumbuka tu kwamba injini ya stroki mbili inayochanganya oili na petroli hupata ulainisho wake kupitia mafuta hayo hayo, kwa hiyo kuteremka mlima mrefu katika gia ya chini huku mafuta yamefungwa kabisa ni kuinyima oili.

Kwenye mteremko unaoteleza, tumia klachi. Sisemi hivyo kwa woga. Gurudumu la nyuma likikwama mahali pa namna hiyo, mkono wa klachi ndio unaolifungua haraka kuliko kitu kingine chochote.

Kinachobadilika kwenye kwadi

Hatua ni zile zile, lakini mikono na magurudumu ni tofauti. Kwadi nyingi huongezewa mafuta kwa wenzo mdogo unaosukumwa kwa kidole gumba cha kulia. Kidole gumba huachia haraka kuliko kiganja kinavyozungusha, na ndiyo maana wanaotoka kwenye pikipiki hufunga mafuta yote bila kukusudia, wakapata mshtuko wa kusukumwa mbele. Legeza kidole bila kukiinua kutoka kwenye wenzo.

Kwadi ya michezo ina ekseli moja ngumu ya nyuma inayoyafunga magurudumu mawili pamoja. Ukishusha gia vibaya, yote mawili hukokota kwa pamoja, na kwadi inaweza kugeuza ubavu. Jifunze kushusha ukiwa umenyooka kabisa, na ukamilishe kazi hiyo kabla kona haijaanza.

Weka mguu wako imara juu ya kikanyagio kila wakati. Kwenye pikipiki mguu unaoteleza huangukia chini. Kwenye kwadi unaweza kuingia mbele ya gurudumu la nyuma na kuvutwa chini yake. Kama kwadi yako haina kinga kati ya kikanyagio na gurudumu, ifungiwe kabla ya mazoezi.

Makosa yanayogharimu

Kosa kubwa kuliko yote ni kubadilisha gia huku mafuta yamefunguliwa hadi mwisho na kutegemea nguvu ya mguu. Gia huingia, na ndiyo maana watu huendelea kuamini kwamba ni sawa. Lakini kila mara vijino vinapolazimishwa kuachana vikiwa chini ya mzigo, kona zake hulika kidogo, na uma unaoisogeza gia hupinda. Niliwahi kuifungua giaboksi yangu mwenyewe baada ya msimu mmoja wa kuendesha namna hiyo, nikakuta uma mmoja umepinda na kubadilika rangi kwa joto. Gharama yake ilikuwa injini nzima kushushwa na kupasuliwa, kwa sehemu moja inayotosha kiganjani.

Mashine za mashindano zenye kifaa cha kukata cheche wakati gia inapopandishwa huruhusu mafuta kubaki wazi, kwa sababu kifaa hicho ndicho kinachoiondoa nguvu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kama chombo chako hakina kifaa hicho, usiwaige wenye nacho.

Usibadilishe gia wakati chombo kinatua kutoka kwenye mruko. Gurudumu linapogusa ardhi mnyororo hupokea mshtuko mkubwa, na gia iliyoingia nusu haiwezi kuubeba.

Usijaribu kuondoka kutoka kusimama bila klachi, wala kusimama ukiwa ndani ya gia. Aliyekatikiwa waya wa klachi akiwa mbali anaweza kuliendea jambo hili kwa kukisukuma chombo kikiwa kwenye nyutro na injini ikiwa inawaka, kisha kupanda na kugonga gia ya kwanza kinapotembea, na kurudi nyutro kabla ya kusimama. Hiyo ni njia ya dharura mahali tambarare pasipo na watu, na haifai kufanyiwa mazoezi.

Mambo yakienda kombo

Pedali haisogei kabisa. Mara nyingi mzigo haujaondoka: umerudisha mafuta kidogo mno, au umeyafunga yote na mguu ukachelewa. Usiongeze nguvu. Fungua mafuta kidogo, weka shinikizo upya, kisha ujaribu tena.

Gia inaingia kwa kishindo. Aidha mafuta yamekaa yamefungwa kwa muda mrefu, au umeyafungua kabla pedali haijamaliza mwendo wake. Sikiliza mkato wa sauti: ukiwa mrefu, fupisha, ukisikia mgongano wa chuma, chelewesha kufungua.

Injini inapiga kelele na chombo hakivuti. Umeangukia nyutro ya uongo, yaani gia iliyotoka imetoka na iliyotakiwa haijaingia. Funga mafuta mara moja, bana klachi, chagua gia, kisha endelea. Kulazimisha gia iingie injini ikiwa juu namna hiyo ndiko kunakovunja meno.

Kwenye mchanga mzito chombo kinakufa nguvu kila unapopandisha. Mchanga hukikamata chombo katika ule mkato mfupi, na gia mpya inaikuta kasi imeshuka. Pandisha ukiwa na mizunguko ya juu zaidi kuliko kwenye udongo mgumu, au ubaki katika gia uliyo nayo mpaka mchanga uishe.

Pedali hairudi katikati baada ya kuanguka. Angalia kama imepinda na kugusa mfuniko wa injini. Ikiwa imenyooka na bado hairudi, springi au shafti yake ya ndani inahitaji fundi.

Gia inaruka yenyewe unapoongeza mafuta, hata ulipoiweka kwa klachi. Hilo si kosa la mbinu yako ya leo. Vijino vimelika au uma umepinda, na kila kilomita unayoongeza huongeza uharibifu. Acha mazoezi na uipeleke giaboksi ifunguliwe.

Baada ya wiki za mwanzo za mazoezi, mwaga oili na uitazame nati ya kumwagia, ambayo kwenye injini nyingi ina sumaku. Tope laini la kijivu lililoshika kwenye sumaku ni la kawaida. Lifute, urudishe nati na uweke oili mpya. Ukikuta vipande unavyoweza kuvihesabu, vyenye kingo zinazohisika kidoleni, vihifadhi kwenye kitambaa umwonyeshe fundi, na usiiwashe injini hiyo mpaka awe ameviona.